Ngazi ya Gari na Ngazi ya Nyumba

Waheshimiwa viongozi wa mtaa, wazee wangu, mama zangu, wenye majengo, na ndugu zangu wafanyabiashara wa Kariakoo: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Ahsanteni kwa kuniita.

Mimi ni mstaafu. Sikutumwa na mtu, wala sina cheo cha kuwasemea wakubwa wa jeshi. Nimekuja kama askari wa zamani wa zimamoto ambaye miaka yake mingi aliimalizia kwenye kiti cha kuendeshea ngazi, kile kilichopo nyuma ya gari, unapoinua uso na kuona kikapu kinavyozidi kuwa kidogo huku kinapanda.

Mwenyekiti amenifikishia swali lenu: magari mapya ya ngazi ndefu yakiletwa Dar es Salaam, yatafika ghorofa ya ngapi? Ni swali la haki. Mtu anayelala ghorofa ya tisa na watoto lazima aulize. Nitalijibu kwa namba, na sitaficha kitu. Lakini niwaambie mapema kwamba nusu ya jibu halimo kwenye gari. Liko hapo nje barabarani, na liko ndani ya majengo yenu.

Kiswahili chetu kina neno moja tu, ngazi. Ile inayobebwa na gari ni ngazi, na ile unayoipanda kwa miguu kutoka mlangoni mpaka chumbani kwako ni ngazi vilevile. Kazini ilitusumbua. Mtu anapaza sauti kwenye redio, "Kuna watu kwenye ngazi!", na wewe hujui ni ngazi ipi. Siku hizi nalipenda neno hilo kama lilivyo. Kazi ni moja: kumtoa mtu juu na kumfikisha chini akiwa mzima. Moja ikishindwa, nyingine ichukue. Shida yetu ni kwamba tumeiachia ngazi ya gari kazi yote, na ya nyumba tumeigeuza stoo.

Sasa namba. Mabingwa wa ngazi hizi ni Wajerumani. Katika mji wa Ulm, karne ya 19, kamanda wa zimamoto aitwaye Conrad Dietrich Magirus alianza kutengeneza ngazi za magurudumu, na jina lake liko kwenye magari ya ngazi mpaka leo. Gari lao la kawaida lina ngazi ya mita 30. Ukisikia mita 30, akili inakwenda moja kwa moja juu: mita 30, ghorofa kumi, tumepona. Wao hawapimi hivyo. Kipimo chao kinaandikwa 23/12. Maana yake, kikapu kikiwa mbali mita 12 na gari, kiweze kufika mita 23 kutoka chini. Hiyo ni ghorofa ya saba hivi. Urefu uliobaki umeliwa na umbali. Chukua ngazi ya kuchumia maembe, isimamishe ukutani, kisha ivute miguu yake nyuma hatua mbili tatu. Utaona kichwa kinavyoshuka. Ngazi ya gari ni hiyo hiyo, ila ya chuma.

Kwa hiyo mtu akikuuliza ngazi inafika wapi, wewe nawe muulize: gari limesimama wapi?

Wajerumani walipojua hilo, waliandika sheria zao za ujenzi kwa kuangalia kipimo cha ngazi. Jengo likiwa na sakafu ya kukaa watu iliyozidi mita 22 kutoka ardhini, kwao linahesabiwa refu, na lazima liwe na ngazi mbili zinazojitegemea, au moja iliyojengwa kwa namna ambayo moto na moshi haviwezi kuingia ndani yake. Chini ya hapo, wanakubali dirisha liwe njia yako ya pili ya kutokea, kwa sharti moja: mbele ya dirisha hilo gari la ngazi liwe na mahali pa kusimama. Mahali pale pa kusimama ni sehemu ya jengo. Ni mlango wa kutokea, ila umelala chini. Anayeegesha gari lake pale ameuziba.

Naomba vijana wawili. Wewe mwanangu, shika mwisho huu, na wewe shika huu, mkaribie mlangoni, mvute mpaka ikaze. Hii kamba ina mita 5 na nusu. Ndio upana wanaouacha wazi mbele ya majengo ya namna hiyo: mita 3 na nusu za gari, na mita 2 za ziada pembeni yake. Itazameni vizuri. Kisha kila mmoja afikirie mlango wa jengo lake, saa nne asubuhi, siku ya mzigo.

Gari lenyewe si pana. Ni mita 2 na nusu, kama lori jingine lolote. Upana unatoka kwenye miguu. Gari la ngazi haliinui kitu mpaka litoe miguu yake, miwili kila upande. Inachomoza pembeni kama ya kaa, kisha inashuka taratibu na kukanyaga. Chini ya kila mguu tunatanguliza ubao mnene wa mraba ili uzito usambae. Gari lile la mita 30 ni tani 15 hivi. Ngazi ikishanyooka na kuelekea upande mmoja, uzito mwingi unahamia kwenye miguu ya upande ule. Ardhi ikinywea, mitambo inafunga, ngazi haiendi mbele, na ni vizuri isiende, maana ikienda linapinduka. Mwendeshaji aliyefunzwa vizuri hutazama chini kabla hajatazama juu. Watu wanapiga kelele wakinyoosha vidole dirishani, na wewe unakagua mfuniko wa mtaro. Wanadhani huna haraka.

Niwasimulie usiku mmoja. Mtaa sitautaja, wala mwaka. Moto ulianza stoo, ghorofa ya pili. Juu, ghorofa ya nne, kulikuwa na mama na watoto wawili dirishani. Walipona wote watatu. Nasema mapema ili msinisikilize kwa hofu.

Tulifika mapema, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliingiza gari mtaani nikalisimamisha usawa wa dirisha. Kushoto kulikuwa na gari dogo limeegeshwa, mwenyewe hayupo. Kulia kulikuwa na mtaro uliofunikwa kwa zege. Nikatoa mguu wa kulia. Mwenzangu akapiga goti, akaweka ubao, mguu ukashuka ukagusa. Zege likalia mara moja, kwa sauti kavu, na ufa ukaanza kwenye kona ya ubao ukaenda mpaka ukingoni mwa mtaro. Nikarudisha mguu. Kusogea kushoto haiwezekani, kuna gari. Vijana wa mtaa ule, Mwenyezi Mungu awalipe, walilizunguka lile gari dogo, wakalishika chini ya bampa na matairini, wakaliinua kwa mikono wakalisukuma juu ya kibaraza. Nikasogea. Nikatoa miguu upya. Juu yangu kukawa na nyaya za umeme, zimetoka kwenye nguzo hii kwenda jengo lile, na nyingine zimening'inia tu. Ngazi ni chuma, na mwenzangu amesimama ndani ya kikapu cha chuma. Tukasubiri umeme ukatwe.

Yule mama hakupiga kelele. Watoto ndio waliokuwa wanalia. Yeye alikuwa ametoa uso nje anavuta hewa, na moshi unatoka juu ya kichwa chake kama shuka jeusi linalovutwa.

Umeme ulipokatwa nilimpandisha mwenzangu. Kikapu kikafika dirishani, kikagusa ukuta kama inavyotakiwa. Halafu hakikutokea kitu. Nilikuwa chini, naona mgongo wake tu. Nikamwita kwenye redio, akanijibu neno moja: "Grili." Mama yule alikuwa amepitisha mkono katikati ya nondo, na mwenzangu alikuwa ameushika. Tumefika, tumemshika mkono, na hatuwezi kumtoa. Ilibidi nishushe kikapu kuchukua mashine ya kukatia chuma. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba kitendo kigumu kuliko vyote usiku ule kilikuwa kuuachia ule mkono ili ashuke. Alimwambia, "Mama, narudi." Akarudi. Alikata nondo nne.

Gari letu lilikuwa zima. Ngazi ilikuwa na urefu wa kutosha na ziada. Ungetuletea usiku ule gari jipya kabisa, refu mara mbili, lingesimama palepale, mbele ya mtaro uleule.

Najua kwa nini watu wanaweka grili. Wezi wapo, na mwenye nyumba anayelala na watoto hawezi kuacha dirisha wazi. Ninachoomba ni dirisha moja kila nyumba, linaloelekea barabarani, grili yake iwe na bawaba na komeo la kufungulia ndani. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza. Na ufunguo, kama upo, ukae pembeni ya dirisha palepale, mahali ambapo hata mtoto anapajua.

Habari ya funguo inanipeleka New York. Tarehe 25 Machi 1911, moto uliwaka katika jengo la ghorofa kumi. Ghorofa tatu za juu zilikuwa na kiwanda cha blauzi za kike kilichoitwa Triangle. Zimamoto walifika upesi. Wakainua ngazi yao. Ilifika ghorofa ya sita ikaishia hapo, na watu wako ya nane, ya tisa na ya kumi. Walikufa watu 146, wengi wasichana wahamiaji, Waitaliano na Wayahudi, waliokuja Marekani kutafuta riziki kwa cherehani. Habari hii husimuliwa kama kisa cha ngazi fupi. Lakini kwenye ghorofa ya tisa kulikuwa na mlango wa kwenda kwenye ngazi ya jengo, na mlango ule ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wasichana wale walikuwa na ngazi hatua chache kutoka kwenye cherehani zao. Kwa hiyo mimi, askari wa ngazi, naona kisa kile kinaanzia kwenye kufuli.

Ndugu zangu wenye fremu na stoo za ghorofani, mnafunga mlango wa nyuma mchana ili mzigo usipotee. Naelewa. Mzigo ule ni mkopo wa benki, ni ada ya watoto. Ila mtu akiwa ndani, mlango wa kutokea usifungwe kwa kufuli. Weka komeo la kusukuma, weka kengele, weka mlinzi. Kufuli hapana.

Sasa twende London, maana pale ndipo swali lenu lilipojibiwa kwa uchungu mkubwa. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, friji liliwaka moto jikoni, ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell. Lilikuwa jengo la makazi la ghorofa 24, urefu mita 67, na lilikuwa na ngazi moja tu. Nje walikuwa wamelivisha vibao vipya vilivyokuwa na plastiki inayoshika moto katikati ya bati za alumini. Moto ukatoka dirishani ukashika vibao, na chini ya nusu saa ukawa umefika juu kabisa. Wakazi wengi waliambiwa wakae ndani wasubiri, kwa sababu jengo lilitazamiwa kuuzuia moto ndani ya nyumba moja. Agizo hilo lilibadilishwa wakati ngazi imekwisha kujaa moshi. Walikufa watu 72.

Kikosi cha zimamoto cha London, na ni kikosi kikubwa, ngazi zake ndefu wakati ule zilikuwa za mita 30 na kitu. Mashine ya mita 42 ilikuja kuazimwa kutoka Surrey, kaunti ya jirani. Na katika msafara wa kwanza uliotoka usiku ule gari la ngazi halikuwemo kabisa, utaratibu wao haukulitaja kwa majengo marefu. Baada ya msiba waliubadilisha: simu ikipigwa ya moto kwenye ghorofa ndefu, gari la ngazi linatoka pamoja na magari ya kwanza. Miaka michache baadaye wakanunua ngazi mpya, na matatu kati ya magari hayo yana ngazi ya mita 64. Ni mashine ya ajabu, nawaambieni kwa moyo wa mtu aliyeipenda kazi hii. Ghorofa ya ishirini hivi.

Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Grenfell lilikuwa la mita 67. Ngazi ndefu waliyoinunua baada ya msiba ni mita 64. Hata likisimama hatua moja kutoka ukutani, gari lile halifiki juu ya jengo ambalo lilisababisha linunuliwe. Na hapa kwetu tuna minara pacha ya PSPF, zaidi ya ghorofa 30. Ngazi ya mita 64 haifiki hata nusu. Hakuna mji utakaonunua ngazi ya kufika juu ya majengo yake yote, kwa sababu majengo yanakua haraka kuliko ngazi.

Msinielewe vibaya. Magari hayo nayataka, na kwa moyo wote. Ngazi ndefu inamwaga maji kutoka juu pale ambapo kijana wa miaka 25 angepanda na mpira mabegani mwake huku anatafuta pumzi. Inamshusha mzee asiyeweza kutembea na mjamzito aliyeishiwa nguvu. Serikali ikiyanunua nitakuwa wa kwanza kwenda kuyatazama. Niombe tu yaje na mafundi wake, vipuri vyake na mazoezi ya kila wiki, maana ngazi ni mashine inayotaka mkono uliozoea.

Ila hata pale ngazi inapofika, jueni inashusha wangapi. Kikapu kinabeba watu watatu, wanne, mkibanana watano. Chukua jengo lenye watu 200, wanne kila safari: ni safari 50. Kila safari dakika tatu tu, kupanda, kuingia, kushuka, kutoka, basi ni saa mbili na nusu. Moshi hausubiri saa mbili na nusu. Ngazi ya nyumba, ikiwa wazi, haina mizigo, na milango yake inajifunga yenyewe kuzuia moshi, inawatoa watu wale 200 wakati kikapu chetu bado kiko kwenye safari zake za mwanzo.

Kwa hiyo nikija kwenye jengo lako siku nyingine, sitaanza kutazama ghorofa ngapi. Nitapanda ngazi zako kwa miguu. Nitahesabu mabelo ya mitumba pale kwenye kona, majenereta, mitungi ya gesi ya mama ntilie, magodoro yanayosubiri mteja. Nitatafuta lile bomba linaloanzia chini hadi juu, ambalo sisi tunaunganisha mpira wetu barabarani na maji yanatoka kila ghorofa. Nitafungua koki yake nione kama haijaibiwa. Wapo wanaolijenga bomba hilo kwa ajili ya ukaguzi tu, baada ya hapo kila koki inauzwa chuma chakavu. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji tunayo tangu mwaka 2007, na wakaguzi wapo. Mkaguzi akija, mpandishe mpaka juu. Usimkatishe kwenye soda ya ofisini.

Kuhusu simu. Namba ni 114. Ukipiga, usiseme tu "kuna moto Kariakoo" ukakata. Taja mtaa, taja jengo au duka maarufu lililo karibu, kisha sema ghorofa: moto uko ya ngapi, na watu wako ya ngapi. Neno hilo ghorofa ndilo linalomwambia mpokea simu kwamba gari la ngazi litoke sasa hivi, na boza la maji lisitoke peke yake. Kisha tuma kijana asimame njia panda atuelekeze. Na anayeishi ghorofani akibanwa na moshi, afunge mlango unaoelekea kwenye moto, azibe chini kwa nguo zilizoloweshwa, aende dirisha la barabarani apunge kitu cheupe.

Wamachinga, najua mmeanza kujiuliza kama mzee huyu amekuja kuwaondoa. Sikuja kwa hilo. Mtu anayetandika biashara yake barabarani analisha nyumba, na mimi mwenyewe mama yangu alinilea kwa meza ya samaki wa kukaanga. Nataka mpangane ninyi wenyewe ili kamba hii ipite. Meza ya magurudumu inasogezwa kwa mkono mmoja. Meza iliyochimbiwa miguu kwenye lami haisogei. Wale vijana walioinua gari usiku ule walikuwa watu kama ninyi.

Na wenye majengo: mfuniko wa mtaro ulio mbele ya mlango wako, mwite mhandisi autazame, au uandike kwa halmashauri, na mwenyekiti awe na nakala. Nyaya zilizokufa, waombeni Tanesco na kampuni za simu waje kuzitoa.

Nimesema mengi, na jua linapanda. Mwenyekiti amenikubalia ombi moja. Tukishakunywa chai, badala ya kukaa tena, tunatoka. Tutaanzia Mtaa wa Kongo kisha tuingie vichochoro vya nyuma, hawa vijana wawili mbele na kamba yao, na mimi nina kopo la rangi nyeupe. Kamba ikipita bila kugusa kitu, tunaendelea. Ikigusa, tunasimama, tunapiga alama chini, na mwenye kitu kilichoguswa tunamwita jina tuzungumze naye palepale. Anayefahamu mitaro ilipofunikwa aje karibu nami, macho yangu si kama zamani. Mwanangu, ikunje kamba vizuri isifanye fundo. Karibuni chai.